Taa Nyekundu ya Stoo ya Kaboni

Nkwabi alitolewa mahabusu akiwa ameishikilia suruali yake kiunoni. Mkanda, viatu na rozari vilikuwa kaunta ndani ya bahasha kubwa, na mtu mzima akisimama mbele ya askari huku ameshika suruali hana pa kuficha uso. Sajenti Theopista aliliona hilo, akamsogezea kiti upesi ili akae.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Au niseme afande?"

"Sema litakalokuja. Umekula?"

"Salome ameleta uji, nimekunywa. Amekaa nje kwenye benchi, hataki kuondoka. Mwambie wewe aende nyumbani, mimi hatanisikiliza nikiwa huku."

Theopista alikwisha kumwona Salome. Mke huyo wa Nkwabi alikuwa amekaa na khanga imefungwa kifuani, chupa ya uji mapajani, macho kwenye mlango wa kituo kama anayengoja gari.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Nkwabi alikuwa mlinzi wa mtambo wa kuchenjulia dhahabu wa Mzee Ignas, nje kidogo ya Katoro. Kwenye mtambo ule mchanga wa wachimbaji huingizwa kwenye matangi yenye maji ya dawa, na dhahabu hunyonywa na punje nyeusi zinazoitwa kaboni. Punje zikishashiba hutiwa kwenye viroba na kufungiwa stoo mpaka siku ya kuchomwa. Jumapili kiroba kimoja kilitoweka. Mlango wa stoo ni wa chuma, komeo lake linasukumwa na mota ya umeme, na linafunguka kwa kadi moja tu. Kadi hiyo ilikuwa shingoni mwa Nkwabi. Mlango haukuvunjwa wala kukwanguliwa. Kila mtu akajumlisha mwenyewe, na jibu la kila mtu likawa Nkwabi.

Mkuu wa upelelezi wa wilaya naye alikuwa amejumlisha. Alitaka jalada lifike kwa mwendesha mashtaka mchana huo. Theopista alimwomba asubuhi tu, akapewa kwa shingo upande.

"Kadi ilitoka shingoni?" akauliza.

"Hata nikioga haitoki. Muulize Salome, anasema nimeoa mke wa pili wa plastiki."

"Hukumwazima mtu? Hata Ezekiel, msimamizi wako?"

"Ezekiel akitaka kuingia nakwenda naye. Hana yake, na ya kwangu simpi."

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Nilitoka misa ya kwanza nikaingia zamu. Likaja boza la maji. Nikalifungulia geti, nikasimama nalo kule nyuma mpaka likamaliza kumwaga. Ukiwa kule mlango wa stoo huuoni. Niliporudi nikausukuma, umefungwa. Jioni tunafungua kupeleka kaboni nyingine, tunakuta pengo."

"Pengo wapi?"

"Hapo hapo mlangoni. Kile kiroba cha karibu kabisa."

Theopista hakuandika hilo mara moja. Alilizungusha kichwani kwanza, kisha akaandika.

"Unamshuku nani, baba?"

Nje redio ya kituo ilikoroma ikanyamaza.

"Nikitaja mtu ambaye sikumwona, mama, hapo ndipo nitakuwa nimeiba kweli."

"Sawa. Kuna la kuniambia zaidi?"

"Binti yangu Mariana anafunga ndoa Jumamosi, hapa parokiani. Tangazo la mwisho limesomwa. Jana wakwe walimpigia Salome. Hawakusema hawaji." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likamshinda. "Wamesema wanasubiri kusikia."

Theopista alifunga daftari, akafanya ishara ya msalaba ndogo kifuani kama alivyozoea kabla ya kuanza kazi, akatoka kutafuta pikipiki ya kituo.

Mzee Ignas alimpokea getini mwenyewe, kofia mkononi. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya bonde.

"Karibu, Mama Goodness," akamwita kwa jina la mwanawe. "Umekuja kutimiza wajibu tu, mimi najua. Mtu wenyewe si mnaye?"

"Tunaye, mzee. Kiroba ndicho hatuna. Nionyesheni mlango."

Kijana aliyewaongoza alikuwa Ezekiel, msimamizi wa zamu, mwembamba, mwenye maneno mengi na buti kubwa kuliko miguu yake. Stoo ilikuwa chumba cha zege kisicho na dirisha. Kando ya mlango, kwenye ukuta, kulikuwa na kimfuko cha plastiki ngumu cha kuchomekea kadi, na juu yake taa mbili ndogo.

"Kadi inazama humu," Ezekiel akaeleza. "Ndani kuna kiulimi. Kadi ikikikandamiza, mashine inaamka, inaisoma. Ikiitambua, taa ya kijani, komeo linarudi. Unaiacha kadi humo humo, unabeba viroba kwa mikono miwili, na mlango hautafunga mpaka uitoe. Isipoitambua, taa nyekundu na kelele. Kila anayeajiriwa hapa namfundisha siku ya kwanza: kijani ingia, nyekundu rudi ulikotoka."

"Umeme ukikatika?"

"Hapo polisi walishajaribu, afande. Komeo linabaki palepale."

"Na umeme ukirudi?"

Ezekiel alikuna kichwa. "Huo wa kurudi hatukuutazama."

Hapo Theopista alipata joto kidogo moyoni. Sehemu zile umeme ukirudi hakuna anayetazama mlango, kila mtu anakimbilia swichi ya mashine yake kabla tope halijaganda kwenye matangi. Akamwomba Ezekiel akazime umeme kwenye mita. Karasha la kusagia mawe likanyamaza, masikio yakauma kwa ukimya. Akauvuta mlango, umefungwa. Akaagiza uwashwe, naye akabaki ameshika mpini. Taa zikawaka, matangi yakaanza kukoroga, karasha likanguruma. Mlango haukutikisika. Wakarudia. Ni vile vile.

"Basi si umeme," akasema.

"Si nilikwambia," akasema Ezekiel. "Ni kadi, na kadi ina mwenyewe."

"Huu mlango umewahi kusumbua?"

"Ulisumbua, ndiyo. Vumbi la hapa linaingia mpaka kwenye ndoto. Mashine ilikuwa ikisoma kadi inasita, komeo linarudi na kutoka, linarudi na kutoka, kama mtu mwenye kwikwi. Wiki iliyopita tukamwita Wiliam kutoka Kahama, yule aliyeuweka. Akachomeka kompyuta yake, akabadilisha mambo yake, kwikwi ikaisha."

"Alipomaliza mliujaribu?"

"Tulijaribu mpaka tukachoka. Mzee mwenyewe alikuwepo."

"Ulifunguka kila mara," akasema Mzee Ignas. "Hata mara moja haukukosea."

Theopista hakusema alichokuwa anakifikiria. Wiliam alikuwa amekwisha kuitwa na kituo tangu jana, kwa kuwa ndiye aliyeuweka mlango, na basi la Kahama lilikuwa njiani. Mtu aliyetengeneza mlango anaweza kujitengenezea na njia ya kupita. Hilo lilikuwa wazo zuri, na Theopista hakuwa na haja ya kulificha, ila alikuwa na desturi ya kumtazama mtu kwanza.

Wakaketi kwenye banda la chakula kumsubiri. Mama wa jikoni alikuja na chai na vikombe kwenye sinia, akapiga goti kidogo mbele ya Theopista.

"Mwangaluka, mayu," akasalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka. Habari za kazi?"

"Njema. Mnisamehe tu, chai ina moshi, nimepikia kuni. Mkaa wa hapa umelowa, bado unakauka."

"Huyu ni Paskalina, mgeni wetu," Ezekiel akasema. "Katoka Kishapu juzijuzi kumpokea dada yake aliyekwenda kujifungua. Siku hizi mbili tatu tunakula moshi asubuhi na moshi jioni."

"Na jana sufuria uliilamba na moshi wake," Paskalina akamjibu bila kugeuka. "Nikadhani nimeshaiosha."

Mzee Ignas akacheka mpaka chai ikamwagika. Theopista naye alicheka. Kwa siku iliyoanzia mahabusu, ilikuwa asubuhi isiyo mbaya.

Wiliam alifika na begi mgongoni, shati limeloa jasho. Alikuwa na duka la kutengeneza simu na kompyuta pale Nyasubi, na alimsalimu kila mtu kwa mkono hata Ezekiel ambaye hakumpa uso.

"Jumapili ulikuwa wapi?" Theopista akaanza.

"Nyasubi. Asubuhi kwaya, mimi ni besi. Mchana tulikuwa na mazoezi ya kwaya hiyo hiyo, tuna harusi ya kuimba. Mwalimu wa kwaya nitakupa namba yake."

"Nitaipiga. Unaweza kujitengenezea kadi ya mlango huu?"

"Naweza."

"Ulijitengenezea?"

"Hapana, mama. Lakini ningekuwa wewe, ningeuliza hivyo hivyo."

Theopista alimpigia mwalimu wa kwaya pale pale, akathibitishiwa ya besi na kuambiwa mengine ambayo hakuyauliza. Akakata simu.

"Ezekiel anasema wiki iliyopita ulibadilisha mambo. Nionyeshe yalivyokuwa kabla, na yalivyo sasa. Yaweke bega kwa bega."

Wiliam akafungua kompyuta juu ya meza ya chakula, akaweka maagizo ya zamani kushoto na mapya kulia. Yalikuwa mistari michache tu. Theopista aliinama. Lugha ile hakuijua, lakini kwao Ushirombo alikuwa amekua akitofautisha vitenge kwa maua yake. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, kushoto, kulia, kushoto, kulia.

"Maneno ni yale yale," akasema.

"Karibu yale yale."

"Huu mstari wenye kuanza na hili neno la Kiingereza, while, hapa umekaa juu kabisa. Huku umeshuka umekaa chini."

"Ndiyo. Hayo ndiyo mabadiliko yenyewe."

"Niambie kama unavyomwambia mtu wa nyumbani kwako. Unasema nini?"

Wiliam akajifuta jasho, akatafuta pa kuanzia. "Mashine haichoki, kwa hiyo kazi ya kurudiarudia tunaipa kama mzunguko, na huo mstari wa while ndio unaouliza kama iendelee. Kuna mizunguko ya aina aina. Kuna unaojua idadi tangu mwanzo: fanya mara kadhaa, kisha acha."

"Kama kumi la rozari. Hujaanza, unajua utasema Salamu Maria ngapi."

"Hasa. Huo hapa haupo. Huu wa kushoto ni wa kuuliza kwanza. Unasema: kadi ni yenyewe? Kama ni yenyewe, rudisha komeo. Kisha unauliza tena: bado ni yenyewe? Rudisha komeo. Siku jibu likiwa hapana, unaacha."

"Na wa kulia?"

"Wa kulia unafanya kwanza, ndipo unauliza. Rudisha komeo. Halafu: kadi ni yenyewe? Kama ndiyo, endelea. Kama hapana, washa taa nyekundu, piga kelele, funga."

"Kwa nini uliugeuza?"

"Kwa ajili ya kwikwi. Jicho la kusomea limejaa vumbi, linachelewa. Nikaona nitangulize kufungua, jicho lipate muda wa kutulia ndipo liulizwe. Na ilifanya kazi." Akamtazama Mzee Ignas, akitafuta shahidi. "Hata mimi nikikaa nje, ukiweka kadi, siwezi kukuambia ni mzunguko upi umo ndani. Yote miwili inafungua, yote miwili inaacha wazi, yote miwili inafunga ukitoa kadi. Hakuna tofauti."

Theopista aliirudia mistari yote miwili kwa kidole. Mbele yake chai ilikuwa imepoa na utando juu.

"Nikisonga ugali," akasema taratibu, "siwezi kuuliza umeiva kabla sijasonga hata mara moja. Nasonga kwanza, ndipo natazama. Huo wa kulia ni wa ugali. Si mbaya. Lakini mlangoni kwa watu mtu anapiga hodi akiwa nje, anangoja aambiwe karibu. Huyu wako wa kulia anaingia mpaka sebuleni, halafu ndipo anapiga hodi."

"Ndiyo, lakini kama ni mwenye nyumba..."

"Kama ni mwenye nyumba haina shida. Atapiga hodi au hatapiga, ni kwake. Kama si mwenye nyumba je?"

Wiliam aliinamia tena mistari ya kulia.

"Mlipojaribu wiki iliyopita," Theopista akamgeukia Ezekiel, "mliweka kadi gani?"

"Ya Nkwabi. Si ndiyo kadi?"

"Kadi isiyo yenyewe hamkuweka?"

"Ya nini, afande? Kadi iko moja. Nani ataweka isiyofungua?"

Theopista akasimama. Wote wakasimama.

Mlangoni alitoa kitambulisho chake cha polisi, akakizamisha kwenye kimfuko. Mashine ikaamka, komeo likalia ndani ya chuma, kisha taa nyekundu ikawaka na kelele nyembamba ikaanza. Theopista akasimama kwa adabu, mikono imefumbatwa, akangoja. Kelele ikakoma. Komeo likalia tena, taa ikazima. Akavuta mpini. Umefungwa.

"Umekataa hata polisi," akasema Ezekiel kwa furaha, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akampiga Wiliam begani. "Mlango mzima huu. Komeo hata lilie mara ngapi, linajikaza tu."

Mzee Ignas alikwisha kugeuka kurudi kwenye kivuli. Lakini Wiliam hakugeuka. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, macho kwenye taa iliyozimika. Theopista alikuwa akiutazama uso huo, si mlango. Mtu aliyejua tangu mwanzo asingetazama hivyo. Hapo alimtoa Wiliam kwenye hesabu yake.

"Narudia," akasema. "Mara hii sina adabu."

Akazamisha kitambulisho. Komeo likalia. Taa nyekundu ikawaka, kelele ikaanza, na yeye hakungoja. Akavuta mpini papo hapo mlango ukilia unamkataa.

Mlango wa chuma ukafunguka, mwepesi, bila ubishi. Ndani viroba vilikuwa vimepangwa vizuri, na harufu ya unyevu ikawapiga usoni.

Kelele ikakoma, komeo likachomoza hewani bila pa kuingia, likabaki limetoa ulimi.

"Tumekaa na mlango wazi wiki nzima," Mzee Ignas akasema hatimaye, kwa sauti ndogo isiyo yake.

"Ulikuwa wazi kwa mtu mmoja tu, mzee. Kwa asiyengoja jibu. Sisi wote tukiona nyekundu tunarudi nyuma, ndivyo Ezekiel alivyotufundisha, na hakuna mtu mzima anayevuta mlango uliomwambia hapana."

"Basi mwizi aliijua siri," akasema Ezekiel. "Nani anajua siri ambayo Wiliam mwenyewe haijui?"

"Hakuna. Ndiyo maana sidhani kulikuwa na mwizi." Theopista akaingia hatua moja ndani, akaonyesha sakafuni, kwenye duara la unyevu uliokauka karibu na kizingiti. "Kiroba kilichokuwa hapa kilikuwaje?"

"Kilikuwa cha tangi la mwisho. Tulikitoa Jumamosi jioni, kilikuwa bado kinachuruzika, tukakiacha mlangoni kisilowanishe vingine."

"Vya ndani vimekauka?"

"Vimekauka, tena vimejaa kuliko hicho."

"Mwizi wa dhahabu angepita vikavu vilivyojaa abebe kilicholowa?" Akatulia kidogo. "Ezekiel, hapa kuna mtu ambaye hukumfundisha habari ya taa?"

"Kila anayeajiriwa namfundisha."

"Na ambaye hujamwajiri wewe?"

Theopista alikwisha kutoka, anakwenda jikoni kwa mwendo wa mtu anayekumbuka kitu kwenye moto. Alikuwa na chai ya moshi mdomoni bado.

Paskalina alikuwa anachambua mchele, miguu ameinyoosha.

"Mama, ule mkaa wako uliolowa uko wapi?"

"Kule nyuma ya banda, nimeuanika. Nimefunika na gunia, kuku wanaupekua." Akachukua ungo mapajani akauweka kando. "Mayu, mkaa gani wa huku huu? Mdogo kama punje za uwele. Kwetu Kishapu tunachoma magogo, tunapata mkaa wa kushika kwa mkono."

"Umeuwasha?"

"Nimejaribu kiganja kimoja, haukubali. Nikasema acha ukauke kwanza."

"Uliukuta wapi?"

"Si kwenye chumba chao cha mkaa? Tajiri aliniambia chakula ni mimi, mkaa ni yeye. Jumapili umeniishia, sina wa kumuuliza, baba Nkwabi yuko nyuma na boza. Nilishamwona anatoa viroba mle, nikaona punje nyeusi zinadondoka, nikajua ni humo. Anaweka kadi ukutani, anavuta. Na mimi nikaweka yangu, nikavuta."

"Yako ipi?"

"Ya mpiga kura. Ndiyo kadi niliyo nayo."

"Taa ikawaka?"

"Nyekundu, na kelele iliyomezwa na karasha. Simu yangu nayo ukichomeka chaja inawaka nyekundu. Nikajua umeme umeingia. Nikabeba kiroba cha karibu, nikatoka, mlango nikaurudisha kabla kelele haijakoma, nikachukua kadi yangu. Si nimekosea?"

"Polisi walipokuja kuuliza?"

"Waliniuliza kama nimemwona mtu na dhahabu ya mzee. Sikumwona mtu. Mimi nilikuwa na mkaa." Uso wake ulianza kubadilika. Aliwatazama wanaume waliosimama nyuma ya Theopista mmoja mmoja. "Baba Nkwabi walimchukua kwa ajili ya mkaa wangu?"

Mzee Ignas alikwenda nyuma ya banda, akainua gunia. Kaboni yake ilikuwa imetandazwa juu ya turubai, imesawazishwa kwa kiganja kama mtama, nyeusi, inang'aa juani, haijapungua zaidi ya kile kiganja kimoja kilichokuwa kando ya jiko. Mzee akacheka, kisha akaacha kucheka, akakaa juu ya ndoo.

"Usiuguse tena, mama," akasema. "Hizo punje zimetoka kwenye maji ya dawa kali. Ungewaka, tungezikwa sote, wewe na sisi uliotupikia. Ezekiel, lete sabuni na maji mengi. Halafu umpeleke zahanati akatazamwe, uende naye mwenyewe."

"Mimi si mwizi, baba."

"Wewe si mwizi. Wala yule niliyemwita mwizi si mwizi." Akavua kofia. "Mama Goodness, nani anayetia sahihi ili atoke?"

Sahihi ilichukua muda, kama sahihi za serikali zinavyochukua, lakini mkuu wa upelelezi aliposikia habari ya kadi ya mpiga kura alilazimika kutoka nje ya ofisi acheke peke yake. Theopista aliandika maelezo ya Wiliam kwa mkono wake, akamsomea, naye akatia sahihi bila kubadilisha neno. Mkaguzi mmoja alitaka kijana yule naye alale ndani kidogo.

"Kosa lake ni kupanga mstari vibaya," Theopista akasema. "Tukiwalaza wote waliopanga mstari vibaya, sisi tutakaa wapi?"

Alasiri Nkwabi alishuka kwenye gari la Mzee Ignas pale mtamboni, Salome kando yake. Mzee alikuwa amemwambia maneno mengi njiani, na Nkwabi alikuwa ameyaitikia yote kwa "wabeja" moja, asante ya kwao, isiyo na hasira wala haraka. Wiliam alikuwa amepiga magoti mbele ya stoo, kompyuta juu ya ndoo. Alikuwa ameurudisha ule mstari juu, akalifuta jicho la kusomea kwa kitambaa na spiriti, na kwikwi haikurudi. Vumbi ndilo lilikuwa kosa tangu mwanzo.

Mzee Ignas akanyoosha mkono, kadi inaning'inia kwenye utepe wake.

"Chukua kazi yako, Nkwabi."

Nkwabi hakuipokea. "Kwanza niuone mlango."

"Umetengenezwa. Wiliam amejaribu."

"Na kadi gani?"

Wiliam akainua kichwa, akatabasamu kwa aibu. "Na isiyo yenyewe, baba. Lakini jaribu na wewe."

Wakaanza kutoa walizokuwa nazo. Theopista kitambulisho cha polisi, Mzee kadi yake ya benki, Salome kadi ya bima. Ezekiel hakuwa na kadi, akatoa kipande cha boksi gumu alichokikata kwa kisu, na ndicho walichokijaribu kwa bidii zaidi. Kila mara Nkwabi alikuwa ameushika mpini kabla kadi haijazama. Taa nyekundu iliwaka, kelele ikalia, naye akavuta pale pale katikati ya kelele. Komeo halikulia hata kidogo. Mlango ulikaa kama umejengwa na ukuta.

Kwa kadi ya benki alivuta kwa mikono miwili, mguu mmoja ukutani, mpaka Salome akamwambia atajivunja mgongo na Jumamosi yuko mbele ya padre. Aliposhindwa kabisa, akapumua, akageuka, akainamisha shingo. Mzee Ignas akamvalisha utepe.

"Sasa," akasema Nkwabi, "mpigie mkwe wangu. Niko hapa nasikiliza."

Mzee Ignas akaibonyeza namba huku Salome akimtajia, akaweka spika, akaishika simu mbele yake kwa mikono miwili. Ikaita. Sauti ya mzee mwenzake ikaitika kutoka upande wa Bukombe, na ng'ombe wakisikika nyuma yake.

"Mzee mwenzangu, ninaitwa Ignas, ndiye mwenye mtambo. Nimemshitaki mtu ambaye hakukosa. Kosa lilikuwa kwangu, mlangoni kwangu. Nakuomba radhi wewe na nyumba yako, na yeye yuko hapa ananisikia."

Nkwabi alitazama ardhi. Salome alikuwa amemshika mkono wa shati.

"Sasa," sauti ile ikasema, polepole, "hapo Jumamosi tuje na watu wangapi?"

Nkwabi akamgeukia Mzee Ignas.

"Mwambie waje wote."